Chupa Tatu za Gari la Jeneza

Jumatatu, 8 Julai. Mwezi tano Mfunguo Pili

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye bila idhini yake hakuna gurudumu linalozunguka. Sala na salamu zimfikie Mtume wake na jamaa zake. Nawe utakayeifungua shajara hii baada yangu, nakusalimu kwa heshima. Soma taratibu, wala usinihukumu kabla ya ukurasa wa mwisho.

Leo hapa Ba, visiwani Fiji, tumemzika mama yake Salahu, Mungu amrehemu. Aibu iliyoje! Gari la jeneza limetetemeka tena, tangu daraja la Mto Ba hadi chini ya kilima cha makaburi. Barabara haina kosa, ni lami tupu. Kosa liko kwenye giaboksi. Kila gari linapofikia mwendo wa wastani, lote hushikwa na homa, na jeneza hugonga ubavuni kama mtu anayebisha hodi. Watoto wa marehemu walinitazama mimi. Funguo za gari la Chama cha Maziko ninazo mimi, mwalimu mstaafu wa madrasa, tangu lilipoteremshwa melini kutoka Japani.

Kunjali alikuwa akinisubiri langoni. Huyu ni Haji Kunjali, mwenye gereji kubwa kwenye njia ya kiwanda cha sukari. Tumbo mbele, simu mbili mkononi. Alinieleza mbele za watu kwamba mafuta ya giaboksi yamechoka. Ndani yake mna dawa ya kupunguza msuguano, nayo imekwisha. Basi sahani za klachi zinashikana na kuachiana, zinashikana na kuachiana, kama mtu na mkwewe. Watu wakacheka. Makaburini! Akasema anayo mashine mpya ya kunyonya mafuta yote ya zamani na kuingiza mapya, na kwamba atafanya bure kwa ajili ya Mungu.

Bure ya Kunjali naijua. Ijumaa ingetangazwa kwenye kipaza sauti. Nilimjibu kwamba Chama kitalitazama jambo hilo kwa wakati wake.

Chama ni mimi.

Jumanne, 9 Julai

Nimekwenda kumjulia hali Hidrosi, rafiki yangu tangu utoto. Hospitali imemrudisha nyumbani. Kila mtu anaelewa maana yake. Ameketi kitandani kwa mito mitatu, mapafu yake yanalia kama mlango mbovu. Umri wake wote ameendesha lori la miwa.

Habari za jana zilikwisha mfikia. Aliniuliza kama ni kweli mama Salahu alikuwa akibisha hodi njia nzima. "Alitaka kushuka, Ustadhi? Nauli ilimshinda?" Akacheka, kikohozi kikamkamata, mwanawe aitwaye Rafiki akaja mbio na maji.

Alipotulia akanishika mkono. Alisema lori limemtikisa mpaka nyonga zikaisha na meno yakaisha, na yote hayo aliyastahimili kwa sababu aliweza kulitukana. "Lakini siku hiyo, Moidini, usinitikise. Sitaweza hata kukutukana."

Nimempa ahadi. Mkono juu ya mkono, mbele ya mwanawe.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Majivu ya miwa iliyochomwa yananyesha juu ya kanzu yangu. Kwenda kwa Kunjali kupiga magoti? Kamwe! Kama dawa ndiyo iliyokwisha, dawa itanunuliwa.

Jumatano, 10 Julai

Nimepanda basi hadi Lautoka. Duka la vipuri la hapa Ba ni la shemeji yake Kunjali, na shemeji yule ana mdomo. Binti wa dukani alinipa chupa ndogo ya dawa ya msuguano wa giaboksi na kunihakikishia kwamba moja inatosha kabisa. Nilinunua tatu. Sikumweleza sababu, mwenyewe bado sikuijua. Moyo tu uliniambia.

Mke wangu Biyatu alizikuta juu ya meza ya kusukumia roti. Aliuliza kama ndiyo dawa mpya ya Hidrosi. Nilimwambia ndiyo, kwa namna fulani. Akaniangalia. Alisema mwanamume aliyewahi kutia mafuta ya taa kwenye jokofu asimletee namna fulani. Mwanachuoni hajibizani jikoni.

Nikapiga Bismillahi, nikamimina chupa ya kwanza kwa faneli, nikawasha. Mwanamke wa Kijapani aliyemo ndani ya redio ya gari tangu Japani akanena maneno yake ya kila siku. Nilikwenda hadi Tavua na kurudi.

Subhanallah! Mtetemo umepungua. Ile homa imekuwa mafua. Nimelia nikiwa nyuma ya usukani.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda mwendo mwingine na kusikiliza kwa makini. Mtetemo mdogo ungalipo, kama kope za mtu anayejifanya amelala. Hidrosi angeuona. Ana nyonga za kupimia barabara.

Nimelitafakari jambo hili kielimu. Katika udhu, kuosha kiungo mara moja ni faradhi, na mara tatu ndio ukamilifu. Chupa moja, basi, imetimiza faradhi ya giaboksi. Ukamilifu je? Ndipo nikaelewa kwa nini nilinunua tatu. Kweli, karatasi ya chupa inakataza kutia zaidi ya moja. Lakini walioiandika karatasi ile ni watu wa viwandani, hawakusoma.

Ilibidi kwanza kupunguza mafuta ya zamani. Nilichukua mpira mwembamba, nikauingiza, nikavuta kwa mdomo. Yalikuja haraka kuliko nilivyotarajia! Mafuta mekundu, machungu, yenye ladha ya sarafu iliyokaa mfukoni. Nikamimina chupa ya pili mdomo ukiwa umejaa, nikatema, nikasukutua, nikamimina ya tatu.

Baada ya hapo, ulaini wa ajabu! Niliweka glasi ya chai kwenye sakafu ya gari, nikaenda mpaka mjini. Haikumwagika hata tone. Laini kama samli! Nilipita mbele ya gereji ya Kunjali. Nikapita tena. Mara ya tatu alitoka, akanisimamisha, akainama kusikiliza. Aliuliza nimelitia nini. Nilimjibu: dua.

Hakucheka. Alisema mlio wa injini unapanda kabla gari halijaondoka, na hiyo si dalili njema. "Haji wangu, klachi lazima isuguane kidogo ndiyo ishike. Ukiilainisha mno itateleza tu. Niachie leo, kesho asubuhi nakurudishia." Husuda! Hata sauti yake ilikuwa ya upole, jinsi husuda inavyojificha.

Jioni kwa Hidrosi. Wanaume wameketi ukumbini kuzunguka bakuli la kava, kile kinywaji cha mizizi cha Wafiji. Nimekunywa kifuu kimoja kwa adabu. Nilimnong'oneza Hidrosi kwamba gari liko tayari. Hakuweza kusema. Alinifinya kidole.

Ijumaa, 12 Julai

Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un. Hidrosi ametutoka leo asubuhi, jua likichomoza. Siku bora kuliko siku zote.

Tulimsalia baada ya sala ya Ijumaa, msikiti ukafurika hadi barabarani. Tukampakia. Rafiki aliketi nyuma pamoja na wajomba, wote wanene. Mwanamke wa Kijapani akanena. Tukaondoka.

Nashuhudia mbele ya Mungu kwamba hatukutikisika. Darajani, hapana. Kwenye reli ya treni ya miwa, kidogo mno. Nilimsikia Rafiki nyuma akisema, huku akilia, "Baba ametulia kabisa, Ustadhi. Kabisa!" Sijawahi kusikia sifa tamu kama ile, wala chungu kama ile.

Kisha kilima.

Nilikanyaga mafuta. Injini ikanguruma, gari likapunguza mwendo. Nikakanyaga zaidi. Injini ikapiga kelele kama mnyama, na gari likasimama, laini, tulivu, bila mtetemo wowote. Halafu likaanza kurudi nyuma. Taratibu! Kwa heshima zote! Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nyuma yetu msafara mzima wa magari, na nyuma ya msafara malori ya miwa, yote yakipiga breki.

Kunjali alikuwa wa kwanza kufika dirishani. Nilingoja aninange. Alisema tu, "Kanyaga breki, Haji, usiachie," kisha akafungua milango ya nyuma na kutia bega lake chini ya jeneza.

Wakambeba. Madereva wa malori ya miwa waliteremka, Wahindi na Wafiji, masizi usoni, wakapokezana mabega hadi juu. Hakuna aliyebaki. Lori moja likapiga honi ndefu, na mengine yakaitikia, bondeni kote.

Mimi nilibaki. Breki ya mkono ilikufa zamani, na gia sikuiamini tena. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki na gari lilikuwa juu ya mteremko; kuondoa mguu sikuweza. Niliwasikia kwa mbali wakimteremsha. Niliisikia sauti ya Maulvi Rizwani, imamu wetu, ikipanda na kushuka. Nilijua saa ambayo kila mtu alikuwa akiinama kuchota mchanga, mafumba matatu, na kumtupia.

Mafumba yangu matatu hayakuwemo.

Jumamosi, 13 Julai

Kamati imekutana. Kumbe Chama si mimi.

Kunjali, aliyelivuta gari jana hadi gereji yake na kulifungua, alikuja na sahani moja ya klachi ndani ya gazeti: nyeusi, imeng'aa kama kioo. Aliipitisha mkono kwa mkono. Maulvi Rizwani, kijana niliyemfundisha alifu kwa fimbo yangu mwenyewe, aliniuliza kwa unyenyekevu kwa nini chupa tatu. Nilimweleza. Kisha akasema kwamba israfu, yaani kuzidisha, inachukiza hata kwa anayetawadha mtoni, na kwamba giaboksi, kwa kadiri ya elimu yake ndogo, haina udhu.

Funguo amepewa Kunjali. Atatengeneza kwa gharama yake. Itatangazwa kwenye kipaza sauti.

Rafiki alinifuata nje. Nilijitayarisha kwa matusi. Nilikuwa nayastahili ya baba yake pia. Alisema marehemu angefurahi kupandishwa na madereva wenzake kuliko gari lolote. Akanibusu mkono. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda makaburini peke yangu, kwa miguu. Kilima kirefu. Udongo wa Hidrosi bado umevimba na una unyevu. Nikachota fumba la kwanza, la pili, la tatu. Nilimwambia, "Hukutikisika, ndugu yangu." Niliketi hapo mpaka jua likanichoma shingo.

Biyatu aliniwekea chai na roti na mchuzi wa samaki wa kopo, wala hakusema neno. Kwake hiyo ni rehema kubwa.

Na hapo mezani, Alhamdulillahi, nikafunuliwa. Chupa ya kwanza niliimimina kwa Bismillahi. Ya tatu pia, nikiwa nimekwisha sukutua. Lakini ya pili! Mdomo wangu ulikuwa umejaa mafuta! Sikutaja jina la Mungu, wala sikutia nia. Chupa ya pili haikusihi, ilikuwa batili. Kosa halikuwa katika tatu, bali katika kutokamilika kwa tatu. Kunjali na kioo chake cheusi hawajui chochote.

Anasema gari litatoka gereji Alhamisi na litapanda kilima kama mbuzi. Linaweza kupanda. Lakini nimemsikia mwenyewe akikiri kwamba katika gia ya pili litabaki na "katetemo kadogo tu, si kitu". Si kitu! Na atakayepanda siku za mbele akiwa amelala chali, asiyeweza kutukana?

Kamati ilidai funguo. Ufunguo wa akiba haikuuliza. Umo ndani ya kofia yangu ya hija. Kesho, Mungu akipenda, basi la kwanza kwenda Lautoka. Chupa tatu. Mdomo mtupu, nia safi.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, awape wazee wako pumzi na watoto wako utiifu. Na siku yako ikifika, akujaalie safari tulivu isiyo na mtetemo. Nami, nikiwa hai, nitakuwa nimekwisha kulishughulikia gari. Amin.