Alama Tisa kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti
Siku ya kumi na tisa bila kazi. Daktari anaiita sonona. Mimi naiita kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, na kiti changu cha masijala kukaliwa na msaidizi wangu, Miwani. Mkuu wa ofisi kasema nisirudi bila barua ya mshauri. Leo mshauri, mama mpole mwenye kalamu nyingi, kanipa fomu za wiki mbili. Mara tatu kwa siku niandike ninafanya nini, niko na nani, na moyo una alama ngapi kati ya kumi. Kila Ijumaa atanichorea grafu yangu mwenyewe, anionyeshe kinachonishusha na kinachoniinua. Kasisitiza niandike papo hapo.

Papo hapo? Masijala tunajaza daftari la mafaili la wiki nzima Jumatatu asubuhi, kisha tunakunywa chai. Nimejaza zote mbili. Wiki ya kwanza inapanda kutoka tatu hadi tisa, ya pili ni tisa tupu. Anayepona hivyo hanyimwi barua. Mke wangu huchungulia makaratasi yangu, kwa hiyo penye tisa nimeandika: nazungumza na mama mkwe.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimemkabidhi fomu. Kachora. Mstari ukapanda. Nikaomba barua. Akasema bado, ila jambo moja liko wazi: nikiwa na mama mkwe, moyo wangu hupaa. Kashauri niongeze saa za kukaa naye. Mke wangu alikuwa pembeni, akafuta machozi. Kabla hatujafika mlangoni alishampigia mama yake.

Jumapili, 10 Agosti
Kafika. Mabegi mawili na cherehani mbovu. Kasema kumbe siku zote nilikuwa nampenda, ila uso wangu haukuonyesha. Tangu asubuhi ananiuliza najisikiaje. Nikijibu vizuri, anasogeza kiti karibu.

Mlinzi wa ofisi kanipigia: Miwani ameleta mto wa kukalia. Mto! Mtu haleti mto mahali anapopita tu.

Jumatano, 13 Agosti
Jambo la ajabu. Ili mama mkwe aache maswali, nilifungua cherehani yake. Uzi umejisokota ndani, skrubu zimelegea, vumbi kila pahali. Nikasafisha, nikatia mafuta. Nilipoinua kichwa, saa moja na nusu ilikuwa imepita, na sikuwa nimemfikiria Miwani hata mara moja. Mama mkwe alikuwa ananishikia tochi. Nikasikia njaa. Njaa ya kweli, ya kwanza baada ya wiki nyingi. Iliniogopesha kidogo.

Cherehani bado haishoni. Lakini nimekata tisa ya mchana na kuandika sita: cherehani. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 15 Agosti
Nimeumbuka. Mshauri kaitazama fomu. Kasema wino ni mmoja, mwandiko haujatikisika, na tisa zimejipanga kama askari wa gwaride. Kisha kidole chake kikatua kwenye sita. Akauliza hii nayo imetoka wapi.

Nikamweleza habari ya cherehani. Nikalia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Hakunicheka. Kasema katika wiki mbili namba moja tu ndiyo yangu, na hapo ndipo tutakapoanzia. Kanipa fomu ya wiki ya tatu: nimalize ile cherehani, niandike papo hapo. Akiona namba nyingine za kweli kama ile, tutazungumza habari ya barua.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimemwelewa vizuri sana. Kumbe anachotaka ni sita.

Nimejaza wiki nzima kabla ya chai. Cherehani, sita. Cherehani, sita. Hapa na pale tano, kuondoa gwaride. Nimetumia kalamu tatu tofauti, na Alhamisi nimeikatakata kidogo. Mama mkwe ameniita mara mbili kutoka sebuleni. Cherehani iko mezani vipande vipande na tochi ameshaiwasha. Nimemwambia asinisumbue, nina kazi.