Injini Yangu Irudi Kwenye Majani

Kwa Mwenyekiti,
Klabu ya Ndege Ndogo za Rimoti.

Ndugu Mwenyekiti,

Jumamosi iliyopita asubuhi, nilipotoka kwenda kunoa visu, nilipoteza injini ya mashine yangu ya kukatia majani. Haikuibwa. Mwizi angebeba mashine nzima, maana mwizi ana akili. Mimi nilikuta mpini umeegemezwa ukutani stoo, mishikio yake miwili imetanuka kama mtu anayeuliza, "Sasa mimi nifanye nini?" Injini ilikuwa mezani tunapolia chakula, imevuliwa kila kitu, na mume wangu, ambaye ni mdogo wako wa tumbo moja, ameiinamia na rula mkononi.

Nakuandikia kama Mwenyekiti. Ushemeji wetu nimeuweka pembeni, utaukuta mwisho wa barua kwenye salamu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Injini yenyewe. Ni ya sentimita za ujazo ishirini na sita, inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, na ndiyo niliyoanzia kazi nilipokuwa sina kibarua hata mmoja, naibeba begani nyumba hadi nyumba. Leo nina vibarua wawili na kazi ya kudumu ya uwanja wa hospitali. Bwana utawala wa pale ameshasema kwamba Jumatatu ijayo akikuta majani bado yamesimama, atatafuta mtu mwingine. Nimjibu nini? Kwamba aniwie radhi, mashine yangu imeacha kazi, inasomea urubani?

2. Lugha yenu. Nilipomuuliza baba watoto, kwa upole ambao nao una kikomo, kama ameichukua injini yangu, alisema, "Sijaichukua, mama. Nimeipandisha cheo." Maneno hayo si yake. Yeye ni mchoraji wa ramani za majengo, hajui kuongea hivyo. Yametoka kwenye vikao vyenu, ambako nasikia injini za bustani "zinaokolewa". Zinaokolewa na nini, Ndugu Mwenyekiti? Na kazi?

3. Uzito. Mizani yangu ya jikoni haijapima unga tangu siku hiyo. Inapima boliti. Klachi imetolewa, kifuniko kimetolewa, kamba ya kuwashia imetolewa, gurudumu zito la ndani limekwanguliwa mapezi kwa tupa mpaka vitambaa vya meza vimejaa vumbi la chuma. Kila gramu ikitoka, nyumba nzima inaitwa kushangilia. Kwa hesabu yangu amepunguza gramu mia nne na kumi kwenye injini. Kwenye tumbo lake, ambalo halihitaji spana, hajapunguza hata moja.

4. Majaribio ya Jumapili. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya viti, kwa hiyo taarifa mliyobandika ukutani kwamba "ndege iliathiriwa na upepo" nimeisoma kwa furaha kubwa. Upepo upi? Moshi wa ile injini ulipanda wima kama nguzo ya simu. Kilichotokea ni kwamba ndege iliwashwa, ikanguruma, ikatetemeka, halafu ikaanza kurudi nyuma polepole, kwa adabu, kama mkwe anayeaga. Ikapita katikati ya wanachama. Ikapindua meza ya chai. Ikaja kusimama kwenye suruali yako nyeupe, Ndugu Mwenyekiti, nawe ukatamka neno ambalo sikutegemea kwa mtu mwenye duka la dawa.

Wataalamu kumi na mmoja mkainama kutazama mkia. Mkia haukuwa na kosa. Injini ile ina upande wa klachi, ambako nguvu hutokea, na upande wa kamba ya kuwashia. Mdogo wako alifunga propela upande wa kamba, kwa sababu kwenye mchoro wake pua ya ndege ilipendeza zaidi hivyo. Sasa ukiitazama kutoka upande huo, injini inazunguka kinyume, na propela ya kawaida ikizungushwa kinyume inasukuma upepo kule inakotakiwa kwenda ndege. Hilo analijua kila aliyewahi kuishika akifanya kazi. Sikuulizwa. Niliambiwa nisogee, nisije nikaumia.

5. Yajayo. Nimeona baba watoto akiutazama msumeno wangu wa mnyororo kwa jicho ambalo mimi mwenyewe sijatazamwa nalo siku nyingi. Mkiwa wanachama kumi na mmoja, na kila mmoja akiokoa injini moja, stoo yangu haitoshi hata kwa kamati kuu.

Kwa hiyo naomba klabu ichague moja kati ya haya mawili. Ama ndege hiyo ifike hospitali Jumatatu alfajiri na kukata majani yenyewe, ikiruka kichwa chini, kwa kimo cha sentimita nne, huku wewe umeshika rimoti. Ama mje wote na mafyekeo ya mkono. Uwanja una mita za mraba elfu nne na mia nane. Mashine yangu hukata mia sita kwa saa, yaani saa nane tu. Mwanachama wenu namkadiria thelathini, kwa huruma. Kumi na mmoja ni mia tatu na thelathini. Tukitoa muda wa kubishana kuhusu upepo, zinabaki mia mbili. Mtamaliza kwa saa ishirini na nne, bila kula.

Nakutakia afya wewe na suruali yako. Wasalimie mkeo, watoto wote, na yule katibu wenu aliyekimbilia juu ya gari.

Wako katika masikitiko yenye hesabu,
Mkata Majani (na shemeji yako)

N.B. Barua hii niliiandika jana. Leo mchana, kwa ajili ya ushahidi tu, nimeigeuza injini mwenyewe, nikafunga propela upande wa klachi. Kishikizo chake nimechongewa na fundi wa kukereza vyuma; nilimwambia ni cha mashine ya majani. Tulipoiwasha uani, mdogo wako alikuwa ameshika mkia. Ikamvuta mpaka kwenye kamba ya nguo, kandambili moja ikabaki njiani, na akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu ofisi yao iweke kompyuta na kumwambia akapumzike nyumbani. Kwa hiyo futa namba 1. Uwanja wa hospitali nitaukata kwa injini ya mashine ya kupuliza majani makavu, boliti zake zinaingia palepale. Namba 3 ifute pia, gurudumu lile bado lilikuwa na gramu sitini za bure, nimezitoa. Namba 4 ibaki kama ilivyo.

Lakini injini ile haimsikilizi mtu isiyemjua, na mdogo wako bado haijamzoea. Je, kwenye mashindano ya Jumapili, asiye mwanachama anaruhusiwa kushika rimoti? Nataka ndiyo au hapana, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Upepo usitajwe.