Plau Iliyonifikisha Karashani

Wapendwa, leo nimedhalilika. Na walionidhalilisha ni ng'ombe wawili wa kuazima.

Naandika mapema, nikiwa nimekalia mto (sehemu ya kukalia inauma), kwa sababu Yona, mmoja wa vijana wangu wa kanisani, amepiga video na sijui itawafikia saa ngapi. Afadhali msikie kwangu kwanza.

Mnajua kila Jumamosi nina darasa la vijana kanisani. Wako sita, wana miaka kumi na sita, kumi na saba. Tunawaandaa kuwa watu wazima: kuomba, kufanya kazi, kutunza siri ya mtu, kuoga bila kuambiwa. Ni kazi njema. Inachosha. Nimeifanya miaka mingi na bado ziko Jumamosi natoka pale kama nimebeba gunia la pamba kichwani. Lakini Mungu ni mwema, miguu bado inanifikisha.

Mzigo wangu msimu huu ni Kabula. Binti ana akili, amemaliza kidato cha nne, anasubiri matokeo. Kusubiri kumemshinda. Na huku kwetu upande wa Geita, ukisema umechoka kusubiri, kazi iko jirani. Karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, inanguruma ng'ambo ya barabara kila siku. Kabula alishaongea na msimamizi wa pale aanze Jumatatu. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mchanga, alikuja kwangu na kuku mkononi.

"Mzee, mtoto akishaingia kwenye vumbi lile, hata matokeo yakija mazuri hatoki tena. Mzuie."

Nikamwambia arudi na kuku wake, aniachie mimi. (Hapo ndipo ilinipasa ninyamaze.)

Wiki nne nimemsemesha. Ananisikiliza kwa heshima zote, anasema, "Ndiyo, mzee," halafu anabaki na lake. Leo, Jumamosi ya mwisho kabla ya hiyo Jumatatu, nikaona maneno yametosha. Nifundishe kwa vitendo. Mvua imenyesha na shamba la kanisa lilikuwa halijalimwa. Nikaazima ng'ombe kwa jirani yangu Baba Limi: Sajenti na Diwani, maksai walioshiba.

"Ni watiifu sana, mzee," akaniambia. "Wanaijua kazi yao."

Hakusema kazi gani.

Vijana wakajipanga kando ya shamba. Nikashika plau. Nikawakumbusha lile neno la Yesu, kwamba aliyeshika jembe kisha akageuka kutazama nyuma hafai. Nikawaambia, utu uzima ndio huu. Unashika. Unatazama mbele. Huachii.

Kabula akanyoosha mkono. "Mzee, nani anakaa mbele ya ng'ombe?"

"Hakuna."

"Kwa bibi huwa mmoja anatangulia, wao wanamfuata."

"Sisi tulilima bila mtu wa mbele," nikasema. (Tulilima hivyo, ndiyo. Nilikuwa na miaka ishirini, na ng'ombe walikuwa wa baba yangu.)

Mstari wa kwanza ukanyooka. Nikasikia vijana wakinong'ona kwa heshima. Nikaanza kufurahi moyoni, na nadhani furaha ile haikuwa ya kiroho.

Ndipo karasha ikawashwa.

Sajenti akasimamisha masikio. Diwani akamtazama Sajenti. Kisha wakageuka pamoja, kama wanakwaya, wakaacha shamba.

"Hooo!" nikasema. "Hooo, simama!"

Nani asimame! Sikujua kwamba kiangazi chote Baba Limi alikuwa akiwakodisha kuvuta mkokoteni wa mawe, kutoka mashimoni hadi karashani. Kwao ule mngurumo ni kengele ya kazi. Na wao, tofauti na vijana wangu, hawachelewi.

"Mzee, achia! Achia!"

Wapendwa, ningeachiaje? Dakika kumi zilizopita nilikuwa nafundisha kutoachia. Halafu ng'ombe si wangu. Nikashika. Plau ikang'oka ardhini ikawa inateleza kwa ubavu, nami nyuma yake, mbio ambazo sijakimbia tangu ujana. Tukakatiza uwanjani kwa Mama Neema, amekaa anapepeta mahindi.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba!"

"Mnalima?"

"Tunalima!" (Salamu ni salamu.)

Kiatu kimoja kikabaki barabarani. Nikageuka kukitazama. Ndiyo, niligeuka nyuma, nikajikwaa, nikaburutwa kwa makalio na mbavu hatua kadhaa. Yona anasema hapo video imetoka safi sana.

Karashani ng'ombe wakaenda moja kwa moja hadi mahali pa kushushia mawe. Wakasimama wenyewe, taratibu, wakaanza kucheua. Vijana watatu, weupe kwa vumbi kama waliomwagiwa unga, wakaja na makoleo tayari kushusha. Wakatazama nyuma ya plau. Wakatazama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee. Mzigo uko wapi?"

Sikuwa na pumzi. "Mzigo," nikasema, "ni mimi."

Wakazima mashine ili wacheke vizuri.

Kabula naye akafika, amekimbia nyuma yetu na kiatu changu mkononi. Msimamizi akatoka kibandani kwake. Akamwona Kabula, akaniona mimi, uso ukamng'aa.

"Kabula! Si tuliongea Jumatatu? Kumbe umemleta mzee wa kanisa akudhamini!" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mzee. Wakubwa wengi wanatusema vibaya. Wewe umemleta mwenyewe."

"Hapana, kijana wangu, mimi..."

"Tena kwa usafiri wake!" akadakia mmoja wa wale wa makoleo.

Hapo ndipo bibi yake Kabula alipotokea. Alikuwa anatoka kuchota maji, akasikia kelele. Akatua ndoo. Akamtazama mjukuu wake. Akamtazama msimamizi, ambaye bado alikuwa amenishika mkono kama tunamaliza posa.

"Mzee," akasema polepole. "Nilikupa mtoto umzuie asije huku. Wewe umefunga ng'ombe ukamleta?"

Nimesimama mbele za watu nikihubiri miaka thelathini. Leo nilifungua kinywa, kikatoka kikohozi. Hata wale vijana waliacha kucheka, maana bibi yule machozi yalishaanza kumlengalenga. Nikaona jinsi wiki nne zangu zote zinavyomwagika palepale, mbele ya mashine ile ile niliyokuwa naisema.

Kabula akapiga magoti, kama binti aliyelelewa, akanivalisha kiatu. Mabega yakawa yanamtikisika. Nikadhani analia. Nikamwekea mkono kichwani nimfariji.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika tairi la mkokoteni uliokuwa jirani ndipo akaweza kusimama.

"Kaka," akamwambia msimamizi, "Jumatatu siji."

"Kwa nini tena?"

"Si umeona mwenyewe? Huyu mzee nikimwacha peke yake na ng'ombe, Jumamosi ijayo tunamzika. Nitasubiri matokeo yangu huku namlimia."

"Unasema kweli?" akauliza bibi.

"Kweli, bibi. Ila yeye asiguse plau."

Sikubishana. Bibi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nikajiweka sawa nipokee shukrani, kwa unyenyekevu kabisa. Akanipita. Akaenda kwa Sajenti, akampigapiga shingoni. "Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana." Akamshukuru na Diwani. Kisha akajitwisha ndoo yake akaondoka.

Basi, namshukuru Mungu. Wiki nne nilimwomba anipe neno la kumzuia yule binti. Neno hakunipa, amenipa mbio, na binti amezuilika kwa huruma tu. Nimepokea. Mnaotaka kucheka, nawasihi kwa upendo: subirini mbavu zipone, tucheke wote.