Kamati ya Urefu wa Siku

Inatangazwa kwa wote, kutoka vilima vya Masisi hadi misitu ya Walikale, wenye saa na wasio na saa, kwamba kuanzia tarehe tatu Agosti 1953 siku haitapimwa tena kwa jua. Itapimwa kwa jinsi alivyoiona yule aliyeifanyia kazi. Akiiona nusu, ni nusu. Akiiona mbili, ni mbili. Tangazo hili nililipiga mimi mwenyewe, Symphorien, karani wa daraja la pili, kwa mashine ya kuandika ambayo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa, hata kwa kuipangusa vumbi.

Wasiojua mambo ya ofisi walicheka. Inanikera sana mtu kuchekea hati yenye muhuri. Acheni niwaeleze, maana uamuzi ule ulikuwa na msingi imara.

Kila mwanamume wa huku alitakiwa kuifanyia Leta, yaani serikali, siku sitini za kazi ya lazima kila mwaka. Mwaka ule zilikuwa siku za barabara, ile inayopanda kutoka njia ya Sake kuja Burungu, kilipo kituo chetu. Bwana Desmaret, msimamizi, alipita pale siku moja adhuhuri akawakuta wanaume arobaini wakiinua majembe pamoja na kuyashusha pamoja, huku wakiimba. Aliyewaimbisha ni Nestor, mkulima wa Burungu, mtu ambaye akikohoa tu ng'ambo ya bonde wanaitika. Bwana akamwuliza kazi inakwendaje.

"Bwana, siku iko inapita mbio," Nestor akajibu kwa furaha. "Tunaimba kidogo, tunalima kidogo, unainua kichwa, unaona jua imeshaanguka. Njo vile."

Bwana Desmaret alipauka. Alirudi ofisini akajifungia, akatoka saa tisa na neno moja: wizi. Leta iliwapa watu hawa siku ndefu, nzima, zenye saa zake zote. Wao wanazirudisha zimefupishwa. Nusu nyingine wameipeleka wapi? Nilitumwa na askari wawili kupekua nyumba za Burungu. Nilizitafuta saa zilizopotea hadi chini ya vitanda. Tulikuta mbuzi mmoja na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na ripoti yangu inasema wazi kwamba mtungi huo ulichunguzwa hadi chini kabisa.

Ndipo ikaundwa Kamati ya Urefu wa Siku. Mwenyekiti alikuwa Bwana Desmaret, katibu mimi, na mjumbe wa tatu saa ya ukutani, ambayo haikupinga hoja hata moja. Kifungu cha kwanza kilisema kila mtu, kazi ikiisha, atakuja mbele ya katibu atamke urefu wa siku yake. Kifungu cha pili kilisema katibu ataandika alichoambiwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kifungu cha tatu kilisema sheria hii haina ubaguzi, inamhusu kila mwenye kufanya kazi ya Leta. Bwana alikipenda sana hicho cha tatu. Alinisomea mara mbili.

Siku ya kwanza Nestor alikuja akitweta, jasho likimtiririka, meno yote nje.

"Leo ilikuwa mufupi sana, Papa Kalani. Nusu tu."

Papa Kalani ni mimi, yaani karani. Nikaandika nusu. Na wenzake vivyo hivyo, nusu, nusu, mmoja robo. Nilipopiga hesabu, siku sitini za Nestor zilikuwa zimegeuka mia na ishirini. Angerudi shambani kwake mwezi wa Desemba.

Kesho yake mke wake, Godelieve, alikuja ofisini na jembe begani. Hakukaa nilipomwonyesha benchi.

"Papa Kalani, mvua ya mwezi wa tisa iko karibu. Mbegu ya maharagi iko mu nyumba, shamba iko majani tupu. Na mutu mwenye hakupanda, munamufunga. Sasa bwana yangu atapanda wakati gani? Akiwa mu barabara ao akiwa mu gereza?"

Nilimweleza kwa upole kwamba hizo ni idara mbili tofauti.

"Watoto wangu watakula idara?" akauliza.

Nakiri swali lile lilinichoma, nami nina watoto wanne. Lakini katibu hana moyo saa za kazi.

"Ngoja," akasema. "Kama siku inakuwa murefu, munaandika nini?"

"Ikiwa mbili naandika mbili, Mama. Ikiwa tatu, tatu. Kifungu cha pili."

Alicheka mpaka akashika mlango, kisha akashuka zake kuelekea barabarani.

Asubuhi iliyofuata kilima kilikuwa kimya. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyetania. Kila mtu alilima peke yake, mahali pale pale, na baada ya kila pigo la jembe aliinua macho kulitazama jua. Nestor alikuwa amebana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Jioni walikuja wakijikokota.

"Tatu," Nestor akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Haki ya Mungu, Papa Kalani, tatu. Jua ilikataa kutembea."

Wala hakusema uongo. Nimeona waongo wengi ofisini, wengine ni wakubwa wangu. Wote walisema tatu au nne. Mmoja tu alitutatiza, Édouard, mwindaji kutoka Walikale, aliyezoea kungoja mnyama tangu asubuhi hadi jioni bila kupepesa jicho. Kwake yeye siku ilibaki siku, na dini yake ilimkataza kusema vingine. Wenzake wakaniomba nimsomee kanuni za Kamati wakati wa mapumziko. Nilimsomea kwa saa moja, kwa sauti nzuri, pamoja na viambatisho. Jioni alitangaza tano.

Bwana Desmaret alipolisoma daftari alipiga meza.

"Wanatudanganya, Symphorien! Siku ni siku! Nitakwenda kuihakiki mwenyewe."

Akaweka kiti cha kukunja kando ya barabara, chini ya mwavuli, akakaa kuwatazama watu wasioimba. Saa nne alikuwa ameitazama saa yake mara thelathini. Saa sita aliitikisa. Saa nane aliniuliza kama leo si Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu, ile ile aliyokaa nayo asubuhi.

"Watu hawa ni waaminifu," aliniambia jioni kwa sauti ya chini. "Tena wanapunguza. Andika, Desmaret: siku kumi na moja."

Nikaandika. Kwa hiyo Nestor alimaliza siku zake sitini katika majuma matatu, akapewa hati, akakimbia nyumbani kabla ya tone la kwanza kuanguka. Nilisikia sauti yake kutoka shambani. Nafsi yangu ilifurahi mno, na furaha hiyo haimo katika ripoti yoyote.

Wanaume wote arobaini walimaliza vivyo hivyo. Barabara haikumalizika, ilibaki mita mia tatu za tope chini ya Burungu, lakini uhakiki ulikuwa haujafungwa rasmi, basi Bwana aliendelea kukaa kwenye kiti chake kuitazama barabara isiyo na mtu. Alikaa hadi Novemba. Siku zake zilizidi kunenepa. Jioni moja ya mvua alinifokea, "Leo ni mwaka mzima! Andika!" Nikaandika mwaka. Kesho yake mwaka tena, na kila siku iliyofuata. Kila Jumamosi nilipeleka nakala makao makuu ya jimbo, kama inavyotakiwa.

Jibu lilikuja Desemba, lina mihuri mitatu. Nilimsomea kwa kusimama wima. Lilisema kwamba, kwa mujibu wa daftari la Kamati aliyoiongoza yeye mwenyewe, Bwana Desmaret amefikisha umri wa miaka sabini na mbili, kwamba Leta inamshukuru kwa utumishi mrefu usio na mfano, na kwamba wazee hawaruhusiwi kushika wadhifa. Astaafu leo.

"Nina miaka thelathini na minane!" akapiga kelele.

"Kifungu cha tatu, Bwana," nikamwambia, nikampelekea kalamu atie sahihi.

Lori la kumchukua lilikwama kwenye tope la mita mia tatu, na hakuna mwanamume Burungu aliyekuwa bado na siku za Leta za kulivuta. Dereva aliliacha pale, akaenda Sake kwa miguu kutafuta minyororo. Bwana Desmaret akakaa juu ya sanduku lake, pembeni mwa shamba la maharagwe la Godelieve, akitazama saa. Akaitazama tena.

"Litafika lini hilo lori?" akauliza.

Godelieve, aliyekuwa akipalilia pamoja na mumewe, alimwangalia kwa huruma ya kweli. Akachukua jembe la tatu, akampa.

"Muzee," akasema, "simama, kamata jembe, imba na sisi. Utaona, lori iko inakuja mbio."