Kamani ya Kigari cha Badawi

Jumamosi, 2 Rajabu 1331

Badawi amenyonya kalamu yangu sasa hivi. Mdomo mweusi, vimeno vyake viwili vyeusi, anacheka kama ngisi aliyefurahi. Nimemfuta kwa upindo wa leso. Leso imeharibika, mtoto hajasafika. Si kitu. Hata na wino ni mzuri.

Naandika upesi kabla hajaanza tena. Mambo mazito! Mavyaa, mamake mume wangu Husseini, ameleta salamu kutoka Shela: Ijumaa baada ya sala anakuja kumchukua Badawi akamlee. Mtoto wa kwanza ni wa nyanya yake, ndivyo walivyofanya wote kwao. Husseini mwenyewe alilelewa na nyanya. Nikamwambia ndiyo sababu hajui kukataa neno. Akakubali. Hata hilo hakulikataa!

Eti mtoto halali, na mimi mwenyewe bado ni mtoto. Aliyepeleka habari namjua: wifi yangu Kadija. Nyumba yake na yetu zimeunganishwa na wikio, ule ushoroba unaopita juu ya njia, naye huuvuka bila hodi, pua mbele. Lakini Husseini, kwa upole wake, amepata ahadi moja kwa mamake. Akimkuta Badawi ametulia na amelala kama watoto wa watu, atamwacha. Husseini akaniambia, basi Hadia, Ijumaa ni wewe tu.

Na silaha ninayo. Kigari! Husseini alikinunua mnadani, cha Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Magurudumu manne, kifuniko cheusi, na chini yake kamani nne, vyuma vilivyopindwa kama upinde. Hizo ndizo zinazokifanya kinese. Njia zetu punda wawili hawapishani, kwa hiyo nakisukuma huku juu ukumbini. Badawi akineseshwa kidogo tu, macho yanafumba. Humo peke yake. Kwingine kote ni kilio.

Leo adhuhuri nikataka kujua mwanangu anahisi nini humo hata akalala. Mama mwema hujua. Nikaingia.

Kra!

Kamani moja imekatika vipande viwili. Nilikwama kiunoni, miguu juu. Badawi akanipigia makofi.

Jumapili, 3 Rajabu

Nimepata dawa. Mtu akivunjika mguu, huungwa, huwekwa mabanzi, hufungwa kitambaa, akatembea. Na chuma ni nini ila mfupa mgumu? Nimepasua mwiko wangu wa pilau, nikapata mabanzi mawili safi. Nikakoroga manjano na ute wa yai, nikapaka, nikafunga. Nikasoma Fatiha, nikapuliza.

Mara Kadija huyo wikioni! Nikatupa shuka juu ya kigari. Akauliza ni nini hicho. Nikasema nguo za kufua. Akauliza tangu lini nguo za kufua zina magurudumu. Nikamjibu kwamba wengine wanazo, wengine hawana. Akanuna, akaenda zake. Nimemweza!

Alipotoka nikajaza nazi kigarini, kadiri ya uzito wa Badawi. Siwezi kumjaribia mwanangu mwenyewe. Nikasukuma. Mabanzi yakaruka. Nazi zikamwagika, zikashuka ngazi moja baada ya moja mpaka nje dakani, pale barazani mlangoni, Husseini alipokuwa ameketi na wageni wake. Akapaza sauti kuuliza kuna nini. Nikasema nazi. Akasema, "Aha." Mume mwema.

Badawi hakulala mchana kutwa. Nimembeba, nimemwimbia, nimemzungusha ukumbi mzima. Akalala kifuani mwangu, jasho lake shingoni mwangu. Nikaogopa hata kupumua. Nikaanza kuinama nimlaze. Macho! Kilio!

Ataliaje huko Shela, na nani atajua kwamba anataka kushikwa sikio la kushoto?

Jumanne, 5 Rajabu

Jana nilimwaza tu Mavyaa. Leo Mungu ameniletea fundi! Fundi Barka wa Matondoni, mjenzi wa majahazi. Amekuja kumtafuta Husseini kwa ajili ya kamba na misumari, dukani kwake mtaa wa Langoni hakumkuta, akaja kumngoja hapa dakani. Sasa, mimi siwezi kutoka mbele yake, yeye hawezi kuingia, na kigari sikitoi nje mji mzima ukakiona kilivyo. Nikasimama nyuma ya mlango, nikakohoa. Akaitika, akageuza uso kwa heshima. Nikamweleza yote kupitia upenyo.

Akauliza ni chombo cha namna gani. Nikasema cha kutilia mtoto. Akauliza kama kinavuja. Nikasema kinachovuja ni mtoto. Akauliza basi kina ila gani. Nikasema kinainama upande mmoja, kinachezacheza.

Ah! Akasema hapo sasa bibi umesema. Yeye anajenga vyombo tangu hajaota ndevu, na jambo moja analijua: kitu kikicheza ni kibovu. Chombo lazima kishikane, kiwe kitu kimoja. Basi niondoe kila kinachocheza, nitie magogo, nishone kwa kamba ya nazi, nizibe nafasi kwa pamba, kisha nipake sifa, yale mafuta ya papa wanayopakia majahazi. Akaniachia kibuyu kizima pale mlangoni.

Nikauliza kwa adabu, na kunesa je? Akasema, "Bibi yangu, nikijenga jahazi likanesa, nahodha atanitosa mimi kwanza."

Maneno ya mtu aliyesomea. Mimi ni nani nimpinge?

Jumatano, 6 Rajabu

Kazi imekwisha! Nimeng'oa kamani zote, hata zile nzima, maana nazo zilikuwa zikicheza. Mahali pake nimetia vigogo vya mkoko kutoka kwenye kuni za jikoni. Nimeshona mpaka vidole vimechubuka. Nimeziba kwa pamba ya mto wa Husseini. Ameamka na shingo upande, anadhani ni upepo. Nimepaka sifa kila mahali, sikufanya ubahili. Nikakitikisa. Hakitikisiki! Kama nyumba ya mawe.

Ila harufu. Nikafukiza udi. Haikutoka. Nikatandika asumini na rehani. Sasa chanuka kama papa anayeolewa.

Na paka wamekuja. Kwanza mmoja mwenye sikio lililopasuka, kutoka darini. Kisha jamaa zake. Wamekizunguka kigari, kimya, wameketi kama wanaosikiliza darsa. Kadija akavuka wikio, akaziba pua, akauliza nani wetu amefia baharini. Nikamwambia hiyo ni dawa ya Kizungu ya kulaza watoto. Akasema atamwambia mamake. Nikasema na amwambie! Alipokwisha kwenda nikajuta kidogo.

Nimemtia Badawi. Nikasukuma. Ngo! Ngo! Ngo! Kidevu kikapiga kifua. Akafungua mdomo wote, machozi yakamiminika. Nadhani ni furaha. Mtoto hajazoea kazi ya fundi.

Ijumaa, 8 Rajabu

Naanza mwanzo, nisiruke kitu.

Mavyaa alifika juu ya punda, anatweta, analalamika kwamba ndia ya Shela ni mtanga mtupu, punda anazama mchangani. Ameleta kanzu ndogo mpya na kofia ya kiua. Amesema chumba cha mtoto ameshakipaka chokaa, na mbuzi wa maziwa ameshamnunua. Mtu akishanunua mbuzi, ameshaamua. Husseini akatazama miguu yake. Kadija akaketi pembeni, tambuu shavuni, kama aliyekuja ngomani.

Nikamtia Badawi kigarini. Nikasukuma taratibu kabisa. Ngo! Ngo! Badawi akalia mpaka akakosa sauti, akaipata, akalia tena. Mavyaa akasema kwao hata maiti hubebwa kwa upole kuliko hivi. Nikasema atalala sasa hivi. Ndipo yule paka mwenye sikio lililopasuka alipoona subira yake imetosha, akaruka ndani.

Mavyaa akapiga yowe. Akanyakua mpini amwokoe mjukuu wake, akasukuma kwa nguvu zake zote. Paka akatoka. Kigari kikaenda. Sifa ilikuwa imeingia mpaka kwenye vitovu vya magurudumu. Kilikwenda kama kilichoitwa! Na mbele yake ngazi.

Sikumbuki kuruka. Nakumbuka nimelala pale pale ngazi zinapoanzia, kigari kimenigonga ubavu kikasimama, na Badawi juu yangu, ameikumbatia shingo yangu kwa mikono yote miwili. Mzima. Kimya.

Kadija aliacha kutafuna.

Mavyaa akamchukua ili niinuke. Kilio! Akanirudishia. Kimya. Akangoja, akamchukua tena kwa maneno matamu. Kilio, na teke la kidevu. Akanirudishia. Kimya. Akajaribu na kofia, akajaribu na ufunguo, akajaribu kumbembeza, mpaka mtandio ukamdondoka. Mwisho akaketi chini kwenye jamvi, akamtazama sana. Akasema polepole kwamba siku walipomchukua Husseini kwenda kwa nyanya yake, Husseini alilia hivi hivi, na yeye akaambiwa mtoto atazoea.

"Akazoea," akasema. "Mimi ndiye sikuzoea."

Husseini akainua uso. Nadhani hakuwa amelisikia hilo maisha yake yote.

Mavyaa akavuta mtandio, akasema basi, mtoto abaki na mamake. Nikaanza kulia, nikamwangukia miguuni, na Badawi naye akalia kwa kuwa mimi nalia. Mavyaa akaninyamazisha, akasema hajamaliza. Nyumba yenye mama kama huyu yeye haiachi bila mlinzi. Atakaa hapa hapa mpaka mmoja wetu apate akili, mtoto au mamake, yeyote atakayetangulia.

Husseini akaitika haraka mno.

Mbuzi ataletwa kesho. Na kitanda cha Mavyaa kitatoka kwa Kadija, kile chake cha arusi chenye miguu ya kuchongwa, kivushwe kwa wikio leo leo. Kadija akameza tambuu.

Jumapili, 10 Rajabu

Badawi ni wangu! Anatambaa nyuma ya mbuzi, mbuzi ananung'unika. Nami nimekaa nimefikiri, na sababu ya ushindi nimeiona: ni ufundi wangu. Nisingekitengeneza kigari vile, kisingekwenda vile. Kisingekwenda vile, Mavyaa asingeona alichokiona. Watu hawataki kulisema, lakini mimi najua.

Husseini ameniomba kwa upole nisiguse tena kitu chenye chuma. Nimemwahidi, tena kwa moyo mweupe. Kitanda cha Kadija hakina chuma hata punje. Mbao na kamba, basi. Na kigumu! Tangu jana Mavyaa anaamka ameshika kiuno. Mkwe mwema haoni jambo kama hilo akakaa kimya. Na kunesa sasa nakujua mimi kuliko Fundi Barka: siri yake ni kulegeza. Asubuhi, Mavyaa akioga, nimezilegeza kamba zote za katikati. Zilizobaki nimezikusanya kichwani mwa kitanda kwa fundo moja nililolibuni mwenyewe, lishike zote. Nikakibonyeza kwa kiganja. Kilinesa kama cha Kizungu! Kadija akikiona atajuta kukitoa.

Mavyaa amekula, ameswali, ameingia kujinyoosha. Nimemsikia akijitupa. Kumelia kitu, Badawi akainua kichwa. Nimemwambia asiogope, hizo ni kamba zinakaa mahali pake, na nyanya yake akiamka atanishukuru. Nikimaliza hapa nitaitazama pembea ya Kadija, maana nayo minyororo yake ya

Ananiita. Sauti inatokea chini kuliko kitanda kilipo. Naja, Mavyaa! Labeka! Usijitikise tu, lile fundo ndilo lina