Bomba Jipya la Hewa na Posa ya Kibokoni

Mtu mzima nimeadhirika leo. Tena si kwa kificho. Ni Kibokoni, baada ya swala ya Alasiri, mbele ya baraza iliyojaa wanaume wasiokuwa na shughuli nyingine. Nawaandikia nyinyi wa kundi letu mapema, maana habari ikitoka Kibokoni hufika Tononoka imeshaota mkia na mapembe.

Wenye kulijua gari langu wanalijua. Wasiolijua: ni jeusi, dogo, lina turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, na linakula kuliko mimi. (Mamangu ameshasema nilioe gari hilo hilo, tumalize.) Kwa muda mrefu nilikuwa nikingojea bomba jipya la kuvutia hewa. Lile la kiwandani lina sanduku la plastiki linaloibana injini pumzi. Hili jipya ni pana, linang'aa, na mbele lina filta iliyo wazi, umbo lake kama pia ya watoto. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta hewa kwa mvumo. Ukiachia, inashusha pumzi: pshhh! Watu wazima tunalipia sauti hiyo. Sina utetezi.

Sasa, leo ndiyo siku ambayo ami yangu Mselem, ndugu wa marehemu babangu, alikuwa anipeleke kwa Mzee Badi. Mzee Badi ana duka la vitambaa Biashara Street, na ana binti, Rukia. Posa ilikwishapelekwa. Kilichobaki ni kilemba. Kwao ada hiyo bado ni kilemba chenyewe, kitambaa, si pesa ndani ya bahasha. Mzee akikipokea kwa mkono wake mbele ya watu, umekubaliwa. Asipokipokea, unakunywa sharbati yako na unarudi kwenu. Na Mzee alikuwa na wasiwasi na mimi. Alimwambia Ami waziwazi: "Kijana n'mzuri, lakini lile gari lake hupita kama lafukuzwa na jini. Mtu wa makelele, nyumba ataiweza?"

Mwenye akili angelifunika gari, apande tuk-tuk. Mimi nikaamua bomba lifungwe leo leo, Rukia aisikie ile pshhh akiwa dirishani.

Nilianza kazi baada ya Adhuhuri, uani kwetu Tononoka, simu nimeiegemeza kwenye betri, video inanielekeza. Mambo yalikwenda vizuri. Sanduku likatoka, bomba la zamani likatoka, bolti zote nikazitia kikombeni. Hapo yule wa kwenye video akatoa onyo: mdomo wa turbo usiachwe wazi, kikidondokea kitu humo, umeiua. Uzibe kwa kitambaa safi.

Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na mifuko miwili ya karatasi, sura moja. Mmoja una fulana zangu kuukuu, za kufutia mikono. Wa pili una kilemba alichonunua Ami, mkewe akakifukiza udi. Nikaiendea na simu mkononi, macho kwenye video. Nikapenyeza vidole viwili dirishani, nikavuta kitambaa cheupe. Kilikuwa laini. Nikajiambia, kumbe fulana zangu zikifuliwa vizuri huwa laini hivi. Kilinukia udi. Nikadhani ni mimi.

Nikakisokomeza kwenye mdomo wa turbo, kidogo kidogo, kwa kidole gumba. Kilikuwa kirefu kuliko fulana yoyote duniani. (Hata hapo sikushtuka. Mimi ni mtu wa aina gani, jamani?)

Ilipoadhiniwa Alasiri, Ami akapiga simu. "Uko wapi wewe? Nakuja, nikukute umevaa!" Ikawa mbio. Nikapachika bomba jipya, nikakaza pete zake, nikafunga boneti, nikaoga, nikaswali, nikavaa kanzu. Kitambaa? Kitambaa kilikuwa ndani kinapumzika.

Ami alifika, akachungulia kiti cha nyuma, akauona mfuko mmoja umetuna na mwingine umelala mtupu. Akauchukua uliotuna, akaupakata kwa heshima. Nikawasha gari. Likawaka kwa shida, likakohoa.

"Mbona lakohoa?" Ami akauliza.

"Linazoea hewa mpya, Ami. Lilikuwa limebanwa, sasa hewa imekuwa nyingi."

"Tupande tuk-tuk, mwanangu."

"Litatulia tu, Ami."

Halikutulia. Kitambaa chenyewe chepesi, kwa hiyo hewa ilipenya kiasi cha kututembeza, si zaidi. Mkokoteni wa maji ulitupita. Mwenye mkokoteni akatupa pole. Nilikanyaga mafuta nikingojea mvumo, nikasikia sauti ya mtu anayenywa uji kwa mrija. Ami alikuwa akisoma dua chinichini, na sikumuuliza ni ipi.

Tukaingia Kibokoni, kwenye kile kichochoro ambacho gari likipita ukuta hauna budi kuvuta tumbo. Likazima. Halikuzima kabla ya nyumba ya Mzee Badi, wala baada yake. Lilizima mlangoni pake. Njia ikaziba. Nyuma yetu tuk-tuk ikaanza kupiga honi. Barazani alikuwa ameketi Mzee Badi na jamaa zake, wametoka msikitini, wametulia. Juu, pazia la dirisha likatikisika.

"Asalaam aleikum," Ami akasema, akishuka kwa kujibana na ukuta.

"Waaleikum salaam warahmatullah. Masalkheri, karibuni." Mzee Badi akalitazama gari. "Leo limenyamaza?" Aliuliza kwa furaha, kusema kweli.

"Limepata joto kidogo tu, Mzee," nikasema.

"Fungua basi tulione."

Nikafungua boneti. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha kwamba mimi ni mtu wa maarifa, si wa makelele. Nikamweleza filta, nikamweleza bomba, nikamweleza faida za hewa baridi. Alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu. Kisha nikalegeza pete, nikalichomoa bomba ili aone upana wake. Kwenye mdomo wa turbo ikachungulia ncha nyeupe.

Sikuelewa. Wallahi sikuelewa. Mzee Badi ndiye aliyeelewa kwamba ni kitambaa, maana mikono yake imeishi na vitambaa. Akaishika ncha, akavuta. Kikaja. Akavuta tena. Kikaja. Na kwa mazoea ya dukani, kila alipovuta akawa anakipima, toka kiwikoni hadi ncha ya kidole, midomo ikihesabu yenyewe. Baraza nzima imesimama. Dereva wa tuk-tuk ameacha honi, ameshuka. Harufu ya udi ikatoka kwenye injini yangu ikaenea kichochoro kizima.

Kilipokwisha, Mzee akakiinua juu. Upande mmoja una darizi ya nyuzi za kahawia. Upande wa pili turbo ilikuwa imeshaanza kuutafuna.

"Hichi n'kitambaa cha kilemba," akasema polepole. "Tena kizuri. Kilemba cha nani hichi?"

Hapo nikaelewa. Nikamtazama Ami. Ami akautazama mfuko aliokuwa ameupakata. Akaufungua kidogo, akachungulia, akaufunga haraka.

"Mna nini humo?" Mzee akauliza.

"Zawadi."

"Tuione basi."

Ami yangu ni mtu asiyesema uongo. Nilitamani aanze leo. Akatia mkono, akatoa fulana yangu. Ile yenye matundu kwapani, iliyowahi kuwa nyeupe zamani. Akaining'iniza kwa ncha za vidole mbele ya baba yake Rukia, mbele ya watu wa msikitini, chini ya dirisha la Rukia mwenyewe.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Watu wakicheka unajua umesamehewa. Nilijua basi, Rukia nimemkosa, na nimemkosa kwa ajili ya pshhh.

"Mselem," Mzee Badi akasema, "hiyo ndiyo ya kunivisha mimi?"

Ami akairudisha fulana mfukoni. Akaiweka sawa kofia yake. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliye juu ya mimbari: "Sheikh Badi, hiyo si yako. Chako ni hicho ulichoshika. Hukushurutishwa wala hukusihiwa. Umekitwaa kwa mkono wako, na umekipima, na watu hawa wote wakuona. Haya, ada yasemaje?"

Mzee akautazama mkono wake. Kilemba kilikuwa kimemzunguka mpaka kiwikoni, na mafuta ya gari juu yake. Akageuka kuwatazama wenzake wa baraza, nadhani akitafuta wa kumtetea. Mmoja wao akakuna ndevu, akasema, "Umepokea, yakhe. Sisi tumeona."

"Hata mimi n'meona," akasema dereva wa tuk-tuk, ambaye hakuna aliyemuuliza.

Hapo baraza ikapasuka! Mzee Badi alicheka mpaka akakaa kwenye bampa langu. Dirishani nikasikia kicheko ninachokijua, na kigelegele cha mamake Rukia, ambacho nacho kilikatikia njiani kwa kucheka.

Sikuthubutu kuliwasha gari, kwa hofu ya nyuzi zilizobaki ndani. Tukalisukuma mpaka penye nafasi, kanzu tumezifunga viunoni, Mzee Badi naye akisukuma na kutoa amri. Kisha tukaingia ndani, tukanywa sharbati, siku ya nikahi ikatajwa. Nilimwomba Mzee kilemba nikakifue. Akakataa. Anasema siku hiyo atakivaa hivyo hivyo, na mafuta yake, na atakayeuliza ataletwa kwangu nimweleze.

Kwa hivyo jamani chekeni leo mmalize, maana siku ya nikahi nataka niwaone na nyuso za matangani.