Mnyoo Mwenye Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi

Siku kubwa! Boksi la barafu limefika maabara. Ndani: vipande vinne vya nyama ya mnyoo wa bomba, kutoka chini kabisa ya bahari, kwenye chemchemi zinazotema maji ya moto kama moshi. Mnyoo mrefu kuliko mimi! Mdomo hana. Tumbo hana. Amefuga bakteria mwilini, wanampikia, yeye anakula tu. Nimempenda papo hapo. Nikamsimulia mke wangu. "Mmoja kama huyo ninaye hapa nyumbani," akasema.

Mkurugenzi katangaza: atakayesoma vinasaba vya mnyoo vizuri atapanda meli ya utafiti mwezi ujao. Nafasi moja. Ni yangu. Si ya Miwani, jirani yangu wa meza, anayefuta meza hata ikiwa safi.

Jumanne, 5 Machi

Miwani anataka kuthibitisha tu kwamba mnyoo ni yule yule anayejulikana. Kazi ya karani! Mimi nitagundua spishi mpya. Mgunduzi ndiye anayetoa jina. Nimejaribu kuandika langu kwa herufi za mlazo, kama vitabuni. Linapendeza mno.

Nilibeba vipande vitatu kabla Miwani hajavaa koti. Akabaki na kimoja. Akauliza glavu zangu ziko wapi. Nikamwambia mikono ya mtaalamu haifungwi. Wivu tu!

Nikakata, nikasaga, nikatia dawa. Saa saba njaa ikanibana. Nikala paja la kuku hapo hapo mezani, mkono mmoja kazini.

Alhamisi, 7 Machi

NILIJUA! Mashine imetoa majibu. Sampuli zangu hazifanani na mnyoo yeyote anayejulikana. Hata kidogo! Nimemkumbatia mlinzi wa getini. Nimemwandikia mkurugenzi, nakala kwa idara zote, nakala kwa mke wangu. Miwani akanisihi nilinganishe na viumbe wengine kwanza. Nikamwambia pole, ndugu yangu, nitakutumia picha nikiwa melini. Nimenunua kofia ya baharia.

Ijumaa, 8 Machi

Kikao. Watu thelathini na wawili. Nikapanda jukwaani na kofia yangu. Nikaeleza jinsi damu nyekundu ya mnyoo inavyobeba oksijeni pamoja na ile gesi ya sumu inayonuka kama yai viza, ikawapelekea bakteria. Nikaeleza kwamba watoto wake hawarithi bakteria hao kwa wazazi. Kila mmoja huwapata mwenyewe majini, wakimpenya kwenye ngozi. Makofi!

Kisha nikaonyesha vinasaba. Mkurugenzi akavitazama. Akavilinganisha na viumbe wengine kwenye kompyuta yake.

"Jumanne ulikula nini?"

"Kuku, mama."

"Basi sampuli ya pili ni kuku. Ya kwanza na ya tatu ni binadamu."

Ukumbi ukalipuka. Mlinzi alicheka hadi akakaa chini. Spishi yangu mpya ni mimi mwenyewe!

Kipande cha Miwani kimetoa mnyoo mtupu, safi kabisa. Melini anakwenda yeye. Baadaye akaja, akanishika bega, akasema ingeweza kumpata yeyote. Hilo liliniuma kuliko kicheko chote. Nikamvalisha kofia. Imemkaa vizuri, mshenzi yule.

Jumatatu, 11 Machi

Nimehamishiwa kuosha chupa. Asubuhi nilimwapia mkurugenzi kwamba mimi ni mtu mwingine sasa: makini, mpole, sina papara.

Saa nne nikakuta chupa iliyosahaulika nyuma ya sinki. Chini yake utando wa kijani, unameta! Sijawahi kuuona popote. Nikachota kwa kidole. Nikaonja kidogo. Una uchachu wa ajabu, ulimi umekufa ganzi. Hakuna mwanasayansi aliyewahi kuandika juu ya ladha hii, naapa!

Idara zote nimeshaziandikia. Nasikia viatu vya mkurugenzi vikishuka ngazi, mbio mbio. Bila shaka anataka awe wa kwanza kunipongeza.